Stakabadhi za zamani zapunguza faini: somo kwa wafanyabiashara wa Nachingwea na Ruangwa

WAFANYABIASHARA wa Nachingwea na Ruangwa wanajua vizuri kuhesabu gharama za msimu: magunia, vibarua, ushuru, nauli ya lori hadi ghala kuu na riba ya benki. Gharama moja haimo katika hesabu za wengi, nayo ni ya kutunza karatasi baada ya mzigo kuuzwa na fedha kugawanywa. Stakabadhi hufungwa kwa mpira na kuwekwa juu ya kabati, na mwaka unaofuata muuza karanga huzipata za kufungia.

Kwa anayeuza kwa jirani yake hilo halina madhara makubwa. Lakini wilaya hizi mbili hazifanyi tena biashara na jirani tu. Korosho na ufuta huuzwa kwa mnada kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na mzigo mwingi huishia nje ya nchi. Chini ya ardhi ya Ruangwa kuna madini ya kinywe, na katika kilima cha Ntaka, wilayani Nachingwea, kuna nikeli. Madini hayo yameleta makampuni yaliyoandikishwa katika soko la hisa la Australia.

Kampuni ya namna hiyo ikiingia matatani, sheria ya kwao haiulizi tu ni kosa gani limetendeka. Huuliza pia: mlikuwa na utaratibu gani wa kulizuia, na karatasi zinazouthibitisha ziko wapi? Jibu la maswali hayo huamua faini iwe kubwa au ndogo. Nusu ya karatasi zenyewe iko mikononi mwa msafirishaji, fundi, mpishi wa kambi na muuza dizeli wa huku. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa na inavyomgusa mfanyabiashara wa kawaida.

Alama za Marekani

Nchi iliyoiweka hesabu hiyo wazi kuliko nyingine ni Marekani. Tarehe 1 Novemba 1991 ulianza kutumika huko mwongozo maalumu wa kuadhibu makampuni. Kampuni haiwezi kufungwa jela, kwa hiyo adhabu yake kubwa ni faini, na faini hiyo hupatikana kwa kuzidisha. Kwanza hutafutwa kiasi cha msingi, kwa mfano faida iliyopatikana kutokana na kosa au hasara iliyosababishwa. Kisha kampuni hupewa alama. Kila kampuni huanza na alama 5. Zikiongezeka faini hupanda, zikipungua hushuka.

Kampuni iliyokuwa na mpango wa kweli wa kuzuia na kugundua makosa hupunguziwa alama 3. Iliyojipeleka yenyewe kwa mamlaka mapema, ikashirikiana na wapelelezi na kukubali kosa, hupunguziwa 5. Iliyozuia uchunguzi, mathalani kwa kuharibu nyaraka, huongezewa 3.

Tuchukue mfano wa kiasi cha msingi cha dola milioni 1, tukiacha mambo mengine kama ukubwa wa kampuni. Kampuni iliyobaki na alama zake 5 itatozwa kati ya dola milioni 1 na milioni 2. Iliyochoma mafaili itakuwa na alama 8, na faini yake itakuwa kati ya dola milioni 1.6 na milioni 3.2. Ile yenye mpango mzuri, na iliyojisalimisha mapema, itashuka chini ya sifuri na kutozwa kati ya dola 50,000 na 200,000. Kosa ni lile lile, lakini tofauti ya faini yaweza kuzidi dola milioni 3.

Tangu mwaka 2005 majaji wa Marekani hawalazimiki kufuata mwongozo huo, ingawa bado huanza hesabu zao hapo. Mwekezaji mdogo akumbuke kuwa faini ya kampuni kwa kawaida haitoki mfukoni mwa meneja aliyekosea. Hutoka katika faida, yaani katika gawio la mwenye hisa.

Sasa, mpango wa kweli ni upi? Mwongozo unataka kampuni iwe na kanuni zilizoandikwa, iwe na mkubwa anayezisimamia, isiwape madaraka watu wenye historia ya makosa, itoe mafunzo, ikague na kuweka njia ya mfanyakazi kutoa taarifa bila kuogopa, iwaadhibu wanaokiuka, na irekebishe kasoro baada ya kosa. Yasomwe yote hayo tena na itaonekana kwamba hakuna hata moja linaloweza kuthibitishwa kwa maneno matupu. Mafunzo huthibitishwa na daftari la mahudhurio, ukaguzi na ripoti yake, adhabu na barua ya onyo. Kampuni iliyofundisha wafanyakazi wake miaka kumi bila kuweka daftari la mahudhurio itapata taabu kumshawishi jaji kwamba ilifundisha hata siku moja.

Kuhusu kuharibu nyaraka, mfano unaotajwa zaidi ni wa Arthur Andersen, kampuni ya ukaguzi wa hesabu iliyokuwa miongoni mwa kubwa tano duniani. Ilikuwa ikikagua hesabu za kampuni ya nishati ya Enron. Enron ilipoanza kuporomoka mwaka 2001, wafanyakazi wa Andersen walikumbushwa kufuata kanuni za ofisi za kutunza na kuteketeza nyaraka, na karatasi nyingi sana zikapitishwa katika mashine za kukatakata. Juni 2002 kampuni ilitiwa hatiani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani iliifuta hukumu hiyo kwa sababu baraza la wazee wa mahakama halikuelekezwa sawasawa, lakini wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kuondoka na kampuni haikuwepo tena. Kanuni ya kuteketeza karatasi za zamani si kosa. Kosa ni kuiendeleza pale unapojua kwamba wapelelezi wako njiani. Ndiyo maana makampuni makubwa siku hizi hutoa amri ya kusimamisha uteketezaji wote mara tu fununu ya kesi inaposikika.

Rada na mkopo wa dola milioni 600

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Kuna kesi mbili zilizoamuliwa London ambazo fedha zake zilitoka au zilirudi Tanzania, na zote mbili zinahusu kumbukumbu na utaratibu wa ndani.

Ya kwanza ni ya rada. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza iliiuzia Tanzania mtambo wa rada ya kuongozea ndege kwa karibu dola milioni 40. Kati ya mwaka 2000 na 2005, kiasi cha dola milioni 12.4 kililipwa kwa makampuni mawili ya wakala wake wa masoko nchini. Katika vitabu vya hesabu malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya huduma za kiufundi. Tarehe 21 Desemba 2010, katika Mahakama ya Southwark, kampuni ilikiri kosa moja tu, nalo halikuwa rushwa. Lilikuwa kutotunza kumbukumbu za hesabu za kutosha kueleza malipo hayo. Ilitozwa faini ya pauni 500,000, na kwa makubaliano iliyokuwa imefikia na waendesha mashtaka, pauni milioni 29.5 zikaletwa Tanzania mwaka 2012 kwa ajili ya vitabu vya kiada, madawati na mahitaji mengine ya shule za msingi.

Mtu asiyeyazoea mambo haya hushangaa: dola milioni 12 zimelipwa kwa wakala, na kosa linaloandikwa ni la uandishi wa leja! Lakini mwendesha mashtaka hufuata kile anachoweza kukithibitisha. Mazungumzo ya faragha ni vigumu kuyathibitisha. Maneno mawili ya uongo katika safu ya leja yapo hapo miaka kumi baadaye, yanasomeka.

Kesi ya pili ina mafundisho zaidi. Mwaka 2012 na 2013 Serikali ya Tanzania ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600 katika masoko ya fedha ya nje, na kazi hiyo ikapewa Standard Bank ya London pamoja na benki dada yake, Stanbic Tanzania. Ada iliyopendekezwa awali ilikuwa asilimia 1.4. Baadaye ilipanda hadi asilimia 2.4, na ile asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa nchini iitwayo EGMA. Kwa mujibu wa maelezo yaliyokubaliwa mahakamani, hapakuwa na ushahidi kwamba EGMA ilifanya kazi yoyote ya kustahili fedha hizo. Ziliingia katika akaunti Machi 2013, na sehemu kubwa ikatolewa taslimu ndani ya siku chache. Wafanyakazi wa Stanbic ndio waliotilia shaka utoaji huo na kupiga kengele.

Standard Bank ilikuwa na kanuni za kuzuia rushwa, nzuri kabisa kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba London ilidhani Dar es Salaam ndiyo itakayoichunguza EGMA, na hakuna aliyeandika wenye kampuni hiyo ni nani hasa na watafanya kazi gani. Kosa lililotajwa lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa, chini ya kifungu cha 7 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 2010. Kifungu hicho kinaipa kampuni utetezi mmoja tu: kuthibitisha kwamba ilikuwa na utaratibu wa kutosha. Benki haikuwa na cha kuthibitisha.

Tarehe 30 Novemba 2015 jaji aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza ya aina yake nchini Uingereza. Hesabu yake yafaa kufuatwa kwa kalamu. Ada ambayo benki hizo mbili zilipata ilikuwa dola milioni 8.4. Jaji alitumia kizidishio cha asilimia 300, ikawa milioni 25.2. Kwa kuwa benki ilijipeleka yenyewe kwa wapelelezi wiki chache baada ya fedha kutolewa na ikatoa nyaraka zake, ilipunguziwa theluthi moja, na faini ikawa milioni 16.8. Juu yake ilirejesha ile faida ya milioni 8.4, na Tanzania ikalipwa fidia ya dola milioni 6 pamoja na riba iliyozidi kidogo dola milioni 1. Theluthi ile moja ilikuwa na thamani ya dola milioni 8.4, sawa na ada yote waliyoifanyia kazi.

Kutoka Australia hadi Ruangwa

Kwa wilaya zetu, nchi ya kuangaliwa zaidi ni Australia. Tangu tarehe 8 Septemba 2024, kampuni ya Australia ina hatia ikiwa mshirika wake, popote duniani, ametoa rushwa kwa ofisa wa nchi ya nje kwa manufaa ya kampuni hiyo, hata kama wakubwa hawakujua. Utetezi wake ni ule ule wa Uingereza, yaani kuthibitisha kwamba utaratibu wa kutosha ulikuwepo. Mshirika anaweza kuwa wakala, kampuni tanzu au mtu anayetoa huduma kwa niaba ya kampuni. Mtu aliyepewa kazi ya kufuatilia vibali halmashauri au kupitisha mzigo bandarini Mtwara anaweza kuhesabiwa humo.

Kwa hiyo mzabuni wa mgodi asishangae akiletewa mkataba wenye kurasa nyingi zinazosema kampuni ina haki ya kukagua vitabu vyake. Si dharau wala si kumshuku mtu. Kampuni inajijengea utetezi wake, na ushahidi inaouhitaji ni ankara ya mzabuni, oda iliyoitangulia, hati ya kupokelea mzigo na risiti ya EFD. Mzabuni asiye navyo anakuwa tundu katika utetezi huo, na kampuni yenye wanasheria makini huziba tundu kwa kutafuta mzabuni mwingine. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinampa mwenyeji kipaumbele, lakini kipaumbele hicho hakimtafutii faili.

Karatasi hizo hizo humlinda mzabuni mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Walkabout Resources ya Australia, mwenye mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo wilayani Ruangwa, iliwekwa chini ya wasimamizi. Kampuni inapofikia hapo, anayedai hupeleka madai yake kwa maandishi. Msimamizi ni mgeni. Hajui nani alipeleka kokoto wala nani aliwalisha vibarua. Anajua kilichosainiwa tu.

Huku kwetu

Mahakama zetu hazina jedwali la alama kwa makampuni kama la Marekani. Hakimu hupima mazingira: kama ni kosa la kwanza, kama mshtakiwa amerudisha fedha, kama ameisaidia mahakama. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu pia mshtakiwa kukiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka. Mtu anayekaa katika meza hiyo bila vitabu vyake hukubali kiasi atakachotajiwa, kwa kuwa hana chake cha kuweka mbele.

Wajibu wenyewe wa kutunza nyaraka upo, na uko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka isiyopungua mitano. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 22, inamgusa wakala anayempa mkubwa wake risiti au hesabu za uongo. Dereva anayeandikiwa lita 200 za dizeli huku amejaza 150 yumo humo, na aliyemwandikia ajiangalie pia. Kanuni ya Adhabu nayo inafanya kuwa kosa kuharibu kitabu au hati unayojua itahitajiwa kwa ushahidi.

Wakulima na wanunuzi wa korosho hawana haja ya kufundishwa umuhimu wa jambo hili na London. Walifundishwa na msimu wa 2018/19. Baada ya bei za mnada kukataliwa, mwezi Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kabla ya kulipa ikafanya uhakiki. Waliopeleka mzigo mkubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yao, kwa kuwa waliokuwa wakisakwa ni walanguzi wa kangomba. Mwenye shamba lake na karatasi zake alikuwa na la kueleza. Mwenye mzigo wa kukusanya kwa kangomba hakuwa nalo. Na palikuwa na kundi la katikati, ambalo halizungumzwi sana: mtu aliyeuziwa kihalali, au aliyekodi mikorosho ya ndugu kwa maneno ya mdomo, na ambaye mbele ya wahakiki hakuwa na tofauti na mlanguzi.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza katika korosho msimu wa 2007/08, unazalisha karatasi nzuri ajabu ikiwa zitatunzwa. Ipo stakabadhi ya chama cha msingi inayoonyesha kilo na daraja, ipo hati ya msafirishaji, ipo stakabadhi ya ghala kuu, yapo matokeo ya mnada na malipo ya benki. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho imehamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, kwa hiyo sehemu ya mnyororo huo sasa haipotei. Kipande kinachopotea kwa urahisi ni kile cha mwanzo kabisa, kati ya mkulima na mizani ya chama, na hapo ndipo hoja za unyaufu na kilo pungufu huanzia.

Mambo mawili madogo ya kiufundi yanawaponza wengi. La kwanza ni risiti za EFD. Karatasi yake huandikwa kwa joto, na kwa joto la Nachingwea, juu ya kabati chini ya bati, maandishi hufifia muda mrefu kabla ya miaka mitano kwisha. Itolewe nakala siku ile ile, au ipigwe picha, na ile halisi ibanwe nyuma ya nakala.

La pili ni WhatsApp. Oda nyingi siku hizi hutolewa huko, bei hukubaliwa huko na picha ya mzigo hutumwa huko, kisha simu inaharibika au inauzwa. Septemba 2022 mabenki makubwa yalitozwa nchini Marekani faini za zaidi ya dola bilioni 1.8 kwa jumla kwa kushindwa kutunza ujumbe wa namna hii wa wafanyakazi wao. Huku kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani, ilimradi unaaminika umetunzwa bila kuchezewa. Ujumbe wenye oda au bei uhamishiwe kwenye barua pepe au uchapwe, uwekwe tarehe, uingie faili la mteja huyo. Unaofutwa baada ya ugomvi kuanza humtia aliyeufuta katika mashaka kuliko ujumbe wenyewe.

Na wakaguzi wa kampuni wakija kuomba vitabu, wapewe nakala, si vitabu halisi. Iandikwe orodha ya kilichochukuliwa, aliyepokea asaini na kugonga muhuri, na orodha hiyo nayo iingie faili kwa miaka mitano.